Nyuma ya Bega la Mhandisi

Walikuja Machi, theluji bado imeng'ang'ania mapaa ya Lodz,
na malori matatu ya taa na kijana mwenye skafu
aliyetuita "mama zangu" kabla hajatuuliza majina.
Tulilipwa kwa siku, pamoja na supu ya kabichi
ambayo kabichi yenyewe ilipita tu kusalimia.
"Hadithi ni yenu," alisema. "Mgomo ni wenu.
Nyinyi chezeni midomo tu, sauti msitoe.
Sauti ni ya mhandisi."

Mhandisi!
Miaka ishirini na sita nilifuma katika ukumbi ule
na mhandisi nilimwona mara mbili,
mara zote akitafuta mlango wa kutokea.

Kwenye filamu amepanda juu ya kreti,
shati wazi vifungo viwili katika baridi ya Februari,
anahutubia, nasi tunainua ngumi kwa pamoja
kama kwaya iliyofanyishwa mazoezi. Na ilifanyishwa,
mara saba, kwa sababu Pelagia alikuwa akicheka.

Hapakuwa na kreti.
Palikuwa na Otylia, saa tatu na nusu asubuhi,
aliyezima mtambo wake akaketi juu ya debe la mafuta
kwa kuwa miguu ilikuwa imevimba
na bei ya nyama ilikuwa imepanda usiku, sisi tumelala.
Jirani yake akazima. Na wa pili yake.
Ukimya ukatembea ukumbini mstari kwa mstari
na wengine wetu tukalia, wala si kwa ushujaa:
masikio yaliuma.

Hilo hawakulijua, kelele.
Mitambo mia nne ikinguruma
hata jina lako mwenyewe hulisikii.
Tulisema kwa midomo, tukasikiliza kwa macho;
nimesengenya watu ng'ambo ya ukumbi mzima
pasipo kutoa pumzi.
Filamuni mhandisi anamnong'oneza mpenzi wake
kando ya mtambo unaokwenda,
na mpenzi anasikia kila neno.

Nisiwadhulumu, nami nikawa kama wao.
Mikono ya Pelagia waliipiga vizuri:
uzi wa mtande umekatika, kidole gumba, kidole cha shahada,
fundo, kwisha, kabla jicho halijapepesa.
Jumba zima la sinema lilishusha pumzi.
Hapo hawakusema uongo,
labda kwa kuwa hawakusema kitu.

Lakini mjumbe wa serikali! Analia machozi,
anamkumbatia mhandisi, muziki unapanda.
Mjumbe niliyemwona mimi aliomba kiti.
Kisha akaomba kingine, chenye mto.
Tulipotaja choo kisicho na mlango
akaandika kitu daftarini. Kazimiera alichungulia:
alikuwa amechora farasi.

Usiku wa kwanza wa maonyesho tuliketi safu ya nne,
tumevaa viatu vya kanisani.
Mhandisi akaanza, "Ndugu zangu, historia..."
na nyuma ya bega lake la kushoto, katika ukungu wa lenzi,
nikamwona Otylia akicheza midomo kama alivyoagizwa.

Pelagia alinifinya paja.
Maana Otylia alikuwa akisema, wazi kama mchana:
Huyu hata fundo hajui.
Kisha: Nyama. Mishahara. Choo kiwe na mlango.
Kisha akayataja, moja moja, majina kumi na manne
ya waliofukuzwa kazi mwezi wa Aprili,
ambao saa mbili na dakika tisa za filamu
hazikuwapatia hata kona.

Tuliangua kicheko, tukanyamaza ghafla. Kazimiera akasimama.
Nyuma yetu watu wakatuzomea:
mahali pa huzuni mnacheka, mna wazimu?

Siku hizi televisheni huirudia kila Mei Mosi.
Mjukuu wangu huniuliza mbona siipendi ile hotuba.
Naipenda, namwambia,
nikinyoosha mkono kuzima sauti.